Kukesha Si Bidii: Hesabu ya Saa za Mwanafunzi wa Utabibu Malindi

Katika hosteli na vyumba vya kupanga vya wanafunzi wa utabibu, kuanzia Kisumundogo hadi Barani hapa Malindi, anayesifiwa ni aliyekesha. Asubuhi ya mtihani wa anatomia utamsikia mmoja akijigamba kwamba hajalala, mwenzake akimjibu kwamba yeye huu ni usiku wa pili, na yule aliyelala saa saba zake akanyamaza kama mtu aliyetenda kosa. Walimu nao hawako mbali na mchezo huo. Wengi walipita njia hiyo hiyo, na wanaamini mtaka cha mvunguni hana budi kuinama. Makala haya yanashikilia kinyume: kukesha ndiyo njia ghali kuliko zote ya kusomea kozi hii, na sehemu kubwa ya msongo unaowavunja wanafunzi inatokana na saa ambazo hakuna aliyewahi kukaa akazihesabu.

Wingi wa masomo haukanushiki. Stashahada ya utabibu na upasuaji nchini Kenya, inayomtoa afisa wa kliniki, ni ya miaka 3, ikifuatwa na mwaka 1 wa mafunzo kazini chini ya usimamizi, na usajili na leseni ni kwa mujibu wa Sheria ya Maafisa wa Kliniki, nambari 20 ya 2017. Ndani ya muda huo kijana anapaswa ameze anatomia, fiziolojia, biokemia, patholojia na famakolojia, kisha aingie wodi ya watoto, ya wazazi, ya upasuaji na ya magonjwa ya ndani, na bado kuna macho, masikio, ngozi, akili na afya ya jamii. Akihitimu anatarajiwa aweze kukaa peke yake katika zahanati, pengine Marafa, pengine Faza, akaamua nani apewe dawa arudi nyumbani na nani atafutiwe ambulensi au boti usiku huo huo.

Ushauri mwingi unaozagaa kwenye simu kuhusu kuhimili kozi ya aina hii umeandikwa Marekani kwa ajili ya wasaidizi wa madaktari, kada iliyoanzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965 na ambayo kwa kazi zake ni jamaa wa karibu wa afisa wa kliniki wetu. Kozi yao huchukua kama miezi 27, takriban mwaka wa darasani na zaidi ya mwaka wa hospitalini. Ushauri huo una mengi ya maana, ila unamdhania msomaji mwingine. Mwanafunzi wa kule huingia akiwa na shahada ya kwanza, mara nyingi ameshawahi kufanya kazi na wagonjwa, na programu nyingi humtaka asishike kazi nyingine kabisa. Wa hapa aghalabu ametoka Kidato cha Nne juzi, ana miaka 18 au 19, kitabu cha patholojia kwake ni lugha mbili ngeni kwa mpigo, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, haujaingia, na nyumbani kuna mdogo wake anayesubiri karo. Kumwambia apike chakula cha wiki nzima Jumapili akiweke kwenye friji ni kumsimulia habari za watu. Friji haipo, na mchuzi wa nazi haufiki Jumanne.

Kwa hiyo tuanze na hesabu ya hapa hapa. Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa 7 kwa usiku unachukua 49, zinabaki 119. Darasa na wodi pamoja tuseme 45, zinabaki 74. Kupika, kula, kuoga, kufua na sala, saa 4 kwa siku, ni 28, zinabaki 46. Safari za tuktuk na bodaboda na kungojea gari lijae, saa moja u nusu kwa siku 6, ni 9, zinabaki 37. Kazi za nyumbani, wagonjwa wa ukoo, duka la mjomba, matanga na harusi, usiseme ni sifuri: weka 10. Zimebaki 27. Toa saa 7 za kupumzika wiki nzima, yaani moja kwa siku, ambazo ukizikataa utazitumia tu ukiwa umeshika kitabu na macho yako kwenye simu. Zimebaki 20.

Ishirini. Anayeishi hosteli atapata mbili tatu zaidi, anayesafiri kila siku kutoka Watamu atapata pungufu. Lakini mwanafunzi aliyeandika kwenye ratiba yake ya ukutani kwamba atasoma saa 6 kila usiku amejipangia saa 42 ambazo hana. Lazima aziibe mahali, na mahali pa kwanza ni usingizi. Ratiba ya namna hiyo haimalizi wiki ya pili, na ikivunjika humwachia mwenyewe hisia kwamba ni mvivu. Hapo ndipo msongo mwingi huzaliwa: mtu anajipima kila siku kwa kipimo kisichowezekana na kila siku anashindwa. Mwenye shaka na hesabu hii achukue daftari, aandike kwa wiki moja kila jioni saa zake zilikwenda wapi, bila kujipendelea. Karibu kila mara simu hujitokeza na saa nyingi kuliko wodi ya watoto.

Sasa tuangalie kinachotokea mtu akiiba saa za usingizi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili na mkono kiasi cha mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24, ni kama asilimia 0.10. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri hufikisha saa 17 ikigonga saa nne usiku. Yaani ule muda ambao wengi wanauita mwanzo wa kusoma ndio muda ambao ubongo unaelekea kwenye ulevi. Tena usingizi wenyewe ni sehemu ya kazi ya kusoma, kwa kuwa kilichosomwa mchana huimarishwa kichwani mtu akiwa amelala. Mkeshaji anapoteza mara mbili: anasoma kwa akili nusu, halafu anaunyima ubongo nafasi ya kukihifadhi hicho nusu alichopata.

Mbona basi wanaokesha hufaulu? Wengine hufaulu, kweli, mtihani wa kesho asubuhi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma maandishi na wale waliosoma mara moja kisha wakajijaribu kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojijaribu wakawapita. Tatizo ni kwamba kozi ya utabibu haiulizi baada ya dakika 5. Inauliza baada ya miezi minane, saa tisa usiku, mama akiwa mlangoni amembeba mtoto anayetetemeka kwa degedege. Na kurudia kusoma kuna hila nyingine: maneno yakishazoeleka machoni, mtu hudhani ameyajua. Ukurasa umepakwa rangi ya njano kuanzia juu hadi chini, mwenyewe ana furaha, na kitabu kikifungwa hana la kusema.

Mfano mmoja utaonyesha kujijaribu kunafanywaje. Chukua malaria kali kwa watoto. Mwanafunzi wa kawaida ananakili kurasa tatu za mwalimu kwa kalamu za rangi mbili, saa nzima imekwisha. Badala yake akate karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kadi ya simu, upande mmoja swali moja tu, upande wa pili jibu. Swali: mtoto wa kilo 12, malaria kali, atapewa artesuneti miligramu ngapi kwa dozi? Jibu: chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo 36. Kadi ya pili: saa ngapi? Jibu: anapofika, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza dawa, halafu amalizie dozi kamili ya vidonge vya mseto. Kadi ya tatu: kichupa cha miligramu 60 kinachanganywaje kwa njia ya mshipa? Jibu: mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, kisha mililita 5 za maji ya chumvi, unapata miligramu 10 kwa kila mililita, mtoto huyu ni mililita 3.6. Kadi ya nne: na kwa sindano ya msuli? Maji ya chumvi ni mililita 2, unapata miligramu 20 kwa mililita. Mada iliyoonekana mlima imekuwa kadi nne, na kila moja inajibika kwa sekunde kumi au haijibiki. Hakuna katikati, hakuna kujidanganya.

Kadi hizo ziwekwe kwenye boksi la viatu lenye vyumba vitano, utaratibu uliobuniwa na Mjerumani Sebastian Leitner. Chumba cha kwanza hupitiwa kila siku, cha pili kila baada ya siku 3, cha tatu kila wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano kila mwezi. Ukijibu sawa, kadi inasogea chumba cha mbele. Ukikosea, inarudi cha kwanza hata kama ilishafika cha nne. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia programu ya Anki bila malipo, nayo hupanga tarehe yenyewe, na ikishapakuliwa haihitaji bando kila siku.

Wengi huanza utaratibu huu na wengi huuacha wiki ya tatu, na sababu ni ile ile: tamaa ya kadi mpya. Kila kadi mpya huja na madeni ya kurudiwa. Anayeongeza kadi 20 kila siku atajikuta baada ya muda ana marudio 150 hadi 200 kwa siku. Anayeongeza 60 amejichimbia shimo. Kadi 10 hadi 15 mpya zinatosha siku za darasa, na siku za wodi ndefu sifuri. Deni likishalundikana, simamisha kadi mpya kabisa, pitia za zamani 100 kwa siku mpaka rundo liishe. Kosa la pili ni kadi ndefu, “Eleza malaria kali”, ambayo jibu lake ni ukurasa. Hiyo hakuna anayeijibu. Huiangalia, hujihurumia, huigeuza. Kosa la tatu ni kununua au kuombaomba kadi za mwingine. Kuzitengeneza ndiko nusu ya kujifunza.

Kati ya zile saa 20, basi, kama 10 ziende kwenye kujijaribu kwa kadi na maswali ya mitihani iliyopita, 5 kwenye mada mpya, na 5 kwenye wagonjwa halisi wa wiki hiyo. Vipindi vya dakika 50 na mapumziko ya 10 vinakaa vizuri. Saa bora hapa pwani ni baada ya sala ya alfajiri hadi saa moja asubuhi: kuna upepo, mtaa umetulia, hakuna anayepiga simu. Kuanzia Januari hadi Machi, joto la kaskazi likiwa limekaza na stima ikipotea, kusoma saa nne usiku ndani ya chumba cha mabati ni adhabu isiyo na faida. Anayelala saa tatu u nusu akaamka saa kumi u nusu ana saa zake saba kamili na saa mbili za akili safi.

Ramadhani inahitaji hesabu yake peke yake, na ajabu ni kwamba vyuo huipita kana kwamba haipo. Baada ya tarawehe, kulala moja kwa moja mpaka daku kunampa mtu kama saa tano. Usingizi wa dakika 60 hadi 90 baada ya adhuhuri au akirudi wodini unaziba pengo. Kadi mpya zipunguzwe nusu mwezi mzima. Muda baada ya futari, tumbo likiwa limejaa, ni wa mazungumzo ya kikundi, si wa famakolojia.

Wodini ndiko kozi hii inakojengwa au kubomoka, na ndiko muda mwingi unakopotea. Mwanafunzi mgeni husimama nyuma ya kundi la raundi, watu kumi na wawili wamekizunguka kitanda kimoja, hasikii, haoni, anaandika jina la ugonjwa na kusonga. Saa nne zimekwenda. Afadhali achague wagonjwa wawili kwa wiki wawe wake: achukue historia yao mwenyewe kabla hajasoma faili, awapime, aandike anachodhani wanaumwa na kwa nini, kisha ndipo afungue faili alinganishe. Jioni asome nusu saa kuhusu hao wawili tu. Kesho yake ajizoeze kumweleza mwenzake mgonjwa mmoja kwa dakika 3: nani, amekuja na nini, tangu lini, umekuta nini, unadhani nini, unataka kifanyike nini. Anayeweza kufanya hivyo ana kinga kubwa dhidi ya jambo linalowaliza wengi, yaani kuulizwa swali mbele ya mgonjwa na kukosa pa kuficha uso.

Kukaripiwa kutakuwapo hata hivyo. Wapo wasimamizi wanaoamini mwanafunzi hujifunza kwa kutetemeka. Hawana ushahidi, wana mazoea. Njia ya kuishi nao ni kutenga maneno na habari: “hujui lolote wewe” ni maneno, “hukuangalia weupe wa macho” ni habari. Andika habari kwenye daftari, tengeneza kadi yake, maneno yaache yalale palepale wodini. Na mwanafunzi asidharau wauguzi. Sista aliyekaa wodi ya watoto miaka mingi anaweza kukufundisha kupata mshipa wa mtoto aliyekauka maji kwa subira ambayo mwalimu wako hana, mradi umemsalimia asubuhi na kumsaidia kugeuza mgonjwa.

Kuna karatasi moja inayozalisha msongo kupita kiasi chake: lile daftari la taratibu ambamo kila jambo ulilofanya, kuanzia kufunga katheta hadi kuzalisha, hutiwa saini na msimamizi. Wengi huliacha mpaka wiki ya mwisho ya wodi. Wiki hiyo msimamizi yuko likizo, au amehamishiwa Mariakani, au hakumbuki kama ulikuwapo, naye hawezi kulaumiwa. Saini iombwe siku hiyo hiyo, kabla hamjatoka chumba cha upasuaji, tarehe na nambari ya faili zikiwa zimeshaandikwa ili yeye apige kalamu tu. Daftari likae ndani ya mfuko wa nailoni, maana wino wa kalamu na maji ya wodi hawapatani. Kila Ijumaa lipigwe picha. Mgomo wa wahudumu wa afya ukitokea, kama ilivyokuwa 2024, wodi zikawa tupu na ratiba ikavurugika, mwenye rekodi kamili hujua hasa ni taratibu gani amebakiza. Asiye nayo huanza kubabaisha.

Zamu ya usiku ina kanuni zake. Lala dakika 90 jioni kabla ya kuingia. Kula mapema, kitu chepesi. Pilau ya saa saba usiku itakulaza. Kahawa iwe nusu ya kwanza ya zamu tu, kwa kuwa kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu: kikombe cha saa mbili usiku, nusu yake bado imo mwilini saa saba. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri mwili uko chini kabisa, kwa hiyo hesabu yoyote ya dozi katika muda huo ipitiwe na mtu wa pili, hata kama una uhakika. Asubuhi usiendeshe pikipiki. Panda tuktuk, lala kwa muda wa saa nne, amka adhuhuri, usiku ulale mapema kama kawaida.

Kuhusu muguka, majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa, wapo wanaodhani ni siri ya kufaulu. Kilifi na Mombasa zilipotangaza kuupiga marufuku Mei 2024 mabishano yote yalikuwa juu ya kodi, wakulima na mahakama. La mwanafunzi anayeutafuna kando ya kitabu halikuzungumzwa. Kathinoni iliyomo ndani yake humfanya mtu ahisi yuko macho na mwerevu. Haimrudishii usingizi aliokosa. Moyo unakwenda mbio, hamu ya kula inakatika, kesho yake anaamka mzito na mwenye huzuni, na dawa ya huzuni hiyo ni fungu jingine. Baya zaidi ni kujitibu kwa dawa za wodini, diazepamu ya kulalia na tramadoli ya kuondoa uchovu. Anayefika hapo ana ugonjwa unaohitaji mtu mwingine amtibu, na anajua hivyo kwa sababu ameshausoma.

Msongo mwingine hautoki chuoni kamwe. Mtaani, wiki ya kwanza tu ya kuvaa koti jeupe, kijana ameshakuwa daktari wa ukoo. “Mwanangu, hebu nitazame presha.” “Mjukuu wangu, mguu huu vipi?” Kukataa kavu ni utovu wa adabu, na kukubali ni hatari: mwanafunzi hana leseni, na dozi aliyoitoa barazani ikileta madhara hakuna atakayesimama naye. Kuna jibu la katikati linalolinda heshima ya pande zote: “Shangazi, mimi ningali nasoma, sijaruhusiwa kutoa dawa. Kesho asubuhi tufuatane kituo cha afya, nitakaa nawe foleni.” Kwa shangazi mmoja kwa wiki, jambo hilo limo ndani ya zile saa 10 za ukoo. Wakiwa watano, mwambie mama au kaka mkubwa awe ndiye anayepokea maombi. Kwa wale wa visiwa vya Lamu kuna hesabu ya ziada, kwani safari ya kwenda Pate kupitia mkondo wa Mkanda hufuata kujaa na kupwa kwa maji. Kwenda nyumbani kwa usiku mmoja maji yakiwa mabovu kunaweza kula siku mbili. Afadhali mara moja kwa mwezi, kwa utulivu, kuliko kila wiki kwa mbio.

Kuchomwa na sindano kumeharibu mihula ya wanafunzi wengi kwa sababu ya hofu na aibu kuliko ugonjwa wenyewe. Hatua ni chache. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usimwagie jiki. Mwambie msimamizi papo hapo. Mgonjwa aombwe kupimwa, nawe upimwe. Dawa za kinga ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake, kwa hiyo lengo ni saa chache za mwanzo. Humezwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi tatu, mwanzo, baada ya mwezi 1 na mwezi wa 6, ikamilike kabla ya wodi ya kwanza. Anayeficha mpaka Jumatatu ili asikaripiwe amefanya biashara mbaya sana.

Iko siku ambapo ratiba na kadi hazitoshi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019, linaueleza uchovu wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona huna unachofanikisha. Hilo si ugonjwa, na likizo na kupunguziwa mzigo huweza kulitibu. Sonona ni jambo jingine. Fomu ya PHQ-9, inayotumika kuipima, ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27, na toleo la Kiswahili lipo. Alama 10 au zaidi zinamtaka mtu aonane na mhudumu. Swali la tisa, la kufikiria kujidhuru au kufa, halingojei jumla: likijibiwa ndiyo, siku hiyo hiyo mtu asiachwe peke yake. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Na anayehofia polisi ajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Pimwa damu pia. Uchovu usioisha wa msichana wa miaka 20 anayekula mara moja kwa siku unaweza kuwa upungufu wa damu.

Yote hayo ni upande wa mwanafunzi, na itakuwa dhuluma kuishia hapo. Chuo kinachopanga mitihani minne ya kati wiki moja, kisha kikawapanga watahiniwa hao hao zamu ya usiku Jumatano, hakiwezi kuwahubiria juu ya kujipanga. Kalenda ya mitihani na orodha ya zamu huandaliwa na ofisi mbili zisizoongea, na kuzikutanisha mara moja mwanzoni mwa muhula hakuhitaji bajeti. Kumnyima mwanafunzi kadi ya mtihani asubuhi ya mtihani kwa sababu ya salio la karo ni kumpima hofu yake. Tarehe ya mwisho ya karo iwe wiki tatu kabla, na makubaliano ya kulipa kidogo kidogo yaandikwe. Halafu kuna ofisi ya ushauri nasaha. Mara nyingi iko ukanda mmoja na ya msimamizi wa nidhamu, mlango unaonekana na kila apitaye, na mshauri ni mwalimu yule yule anayesahihisha famakolojia na kukaa kwenye kamati ya kufukuza wanafunzi. Kisha chuo kinashangaa kwamba haina wateja. Mshauri atoke nje ya chuo, aje mchana mmoja kwa wiki, miadi ichukuliwe kwa ujumbe wa simu, na asiwe na kura katika matokeo ya mtu yeyote.